Bach na Brahms usiku mmoja: kuna uhusiano gani?

Kinshasa kuna orkestre ya Kimbanguiste tangu 1994, kwa hiyo violini si kitu kigeni kwetu. Lakini programu moja inachanganya wengi: mwanzo konserto za Baroki, kisha mapumziko, simfonia kubwa ya Kiromantiki. Ni kama sahani mbili zisizofanana.

Tuchukue mfano. Mwaka 1721 Bach alitoa konserto sita kwa mtawala mmoja wa Brandenburg. Ya tatu inahitaji watu wachache tu: violini tatu, viola tatu, selo tatu, na besi pamoja na klavesini chini yao. Kundi moja linatupa neno, lingine linajibu.

Brahms alipiga simfonia yake ya nne mara ya kwanza Meiningen, Ujerumani, mwaka 1885. Jukwaa limejaa, hata tromboni tatu zipo, lakini zinanyamaza sehemu tatu nzima! Zinangojea ya mwisho. Hapo Brahms anachukua kipande cha kantata ya Bach, anakigeuza kidogo kiwe noti 8, anakirudilia mara 30, kila mara kwa nguo nyingine. Wapenzi wa seben mnajua vile inaenda: gitaa moja inashikilia fungu lile lile, solo inatembea juu.

Kuna pahali filimbi inalia karibu peke yake, polepole sana. Hapo wengi wanapoteza njia. Sherti uwe umemsikia Bach kwanza, basi usiingie kisha mapumziko.