KUTOA NI MOYO: Mchoraji Aliyewapa Wavuja Jasho Kazi ya Mikono Yake

Ndugu wafanyakazi, wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hii twaisikia kila daftari la mchango linapopita kiwandani au shambani, mwenzetu akifiwa, akiugua au akiachishwa kazi. Lakini kutoa kuko kwa namna mbili. Iko sadaka itokayo juu kwenda chini, ambayo mpokeaji hana budi kushukuru na kunyamaza. Na iko zawadi ipitayo baina ya wenzi, ambayo ndani yake mna jasho la mtoaji na ukweli juu ya taabu ya mpokeaji. Namna hizi mbili zinaonekana wazi katika maisha ya mama mmoja wa Ujerumani, mchoraji Käthe Kollwitz.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Königsberg. Mwaka 1891 aliolewa na daktari Karl Kollwitz, wakahamia mtaa wa wafanyakazi kaskazini ya mji wa Berlin. Mumewe alikuwa daktari wa mfuko wa matibabu wa mafundi wa kushona nguo. Wagonjwa walikuwa wake wa vibarua, wajane, na akina mama waliopigwa na waume waliokosa kazi. Mchoraji alikaa nyumba ile ile, akaziona nyuso zao, akasikia habari zao. Hapo ndipo alipopata kazi ya maisha yake.

Picha zake za kwanza zilizomtangaza zilihusu wafumaji wa nguo wa Silesia, walioasi mwaka 1844 kwa sababu ujira wao haukutosha hata chakula. Askari waliwapiga risasi, wakafa watu 11. Käthe Kollwitz alichora habari hizo katika picha sita. Zilipoonyeshwa Berlin mwaka 1898, waamuzi walitaka apewe nishani, lakini Mfalme Wilhelm wa Pili alikataa.

MALKIA NA BANGO

Mwaka 1906 yalifanyika maonyesho Berlin juu ya kazi za kufanyiwa nyumbani. Ndugu wa viwanda vya nguo wataielewa habari hii mara moja. Maelfu ya wanawake walishona vyumbani mwao kwa ujira wa kipande, mchana na usiku, na watoto wao wakiwasaidia. Käthe Kollwitz alitengeneza bango la kutangaza maonyesho hayo. Hakuchora ua wala cherehani nzuri. Alichora uso wa mwanamke aliyechoka kabisa, macho yamezama.

Malkia Auguste Viktoria, mke wa Mfalme, alikataa kufika kwenye maonyesho maadamu bango lile lingali limebandikwa.

Tufikiri kidogo, ndugu. Yalikuwa maonyesho ya kuwahurumia wanawake wale wale. Basi iweje huruma ikubalike na uso wa anayehurumiwa usikubalike? Ni kwa sababu sadaka ya juu hupenda maskini asiye na uso. Ukiuona uso wake utauliza: nani amemchosha hivi? Na swali hilo lina jibu. Hata huku kwetu wako waajiri wagawao kilo mbili za sukari siku ya sikukuu, na huku malipo ya saa za ziada hayajulikani yalipo. Sukari tutaipokea, maana watoto wanaihitaji. Lakini tusikubali iwe kizibo cha mdomo.

JIWE MOJA, KARATASI MAELFU

Vita Kuu ya Kwanza ilimchukua mwanawe Peter, aliyeuawa Ubelgiji mwezi Oktoba 1914. Baada ya vita njaa iliingia Ulaya ya kati. Mwaka 1920 aliombwa bango la kuwasaidia watoto wa Vienna waliokuwa wakifa kwa njaa. Akamchora Mauti akiwachapa watu kwa mjeledi. Katika kumbukumbu zake alieleza kwamba alilia pamoja na watoto aliokuwa akiwachora, na kwamba aliona hana haki ya kuukwepa wajibu wa kuwasemea wengine. Mwaka 1922 aliandika tena kwamba anakubali sanaa yake iwe na shabaha, kwa kuwa anataka kufaa katika wakati ambao watu wamepotewa na wanahitaji msaada. Na haya aliyasema ingawa wako waliodai kuwa sanaa yenye shabaha si sanaa.

Mwaka 1921 ulianzishwa Berlin umoja wa Msaada wa Wafanyakazi wa Kimataifa, kwa ajili ya njaa iliyoikumba nchi ya mto Volga huko Urusi. Kollwitz hakuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti, lakini alichora. Katika bango lake mtu anaanguka kwa njaa, na mikono inamfikia kutoka pande zote kumshika. Mwaka 1923 fedha ya Ujerumani iliharibika hata dola moja ya Marekani ikafikia marki trilioni 4.2. Akachora watoto wakiinua bakuli tupu. Mwaka 1924 akachora mama aliyegeuza mgongo, watoto wawili wakimvuta nguo wakilia mkate, naye hana.

Tuangalie jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika. Mchoraji huchora kwa chaki ya mafuta, na mchoro ukawekwa juu ya jiwe laini. Jiwe likilowekwa maji, wino hushika penye mafuta tu na kukataa penye maji. Kisha karatasi hukandamizwa juu yake, moja baada ya nyingine. Hivyo mchoro wa mkono mmoja hupata nakala nyingi, kwa gharama ndogo, za kubandikwa kwenye kuta za mitaani. Kwa miaka mingi Kollwitz alikuwa amechagua kazi za kuchapwa namna hii, kwani picha moja ya rangi hununuliwa na tajiri mmoja akaifungia sebuleni.

Mtu atauliza: mwenye njaa atakula karatasi? La hasha. Lakini karatasi iliomba mkate, na papo hapo ikasema kwa nini mkate haupo. Sadaka nyingi hufanya la kwanza na kuliacha la pili.

Kwa msimamo huo aliadhibiwa. Mwaka 1933, Wanazi waliposhika serikali, alilazimishwa kutoka katika Chuo cha Sanaa cha Prussia, ambako mwaka 1919 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa. Mwaka huo huo, tarehe 2 Mei, ofisi za vyama vya wafanyakazi vya Ujerumani zilivamiwa na viongozi wakakamatwa. Yeye alifariki tarehe 22 Aprili 1945, vita vikikaribia kwisha.

NA SISI JE?

Si wote tujuao kuchora. Lakini kila mmoja mkono wake unajua kitu. Yuko mama wa shamba la chai afumaye mkeka, yuko seremala wa karakana, yuko fundi cherehani, yuko ajuaye kuandika barua ya madai kwa lugha iliyonyooka. Mwenzetu akiachishwa kazi bila haki, shilingi za daftari ni lazima, maana kodi ya nyumba hailipwi kwa mkeka. Lakini pamoja na shilingi hizo apelekewe kitu ambacho mwenzake amekaa usiku mbili tatu akikitengeneza kwa ajili yake. Hapo atajua kwamba kuna mtu aliyemfikiria muda wote huo.

Na daftari la mchango lisiandikwe jina na kiasi tu. Ukurasa wa kwanza iandikwe sababu: huyu ameumia kwenye mashine isiyo na kinga, huyu ameachishwa kwa kudai haki. Kisha daftari lipite mkono kwa mkono, kila atoaye asome kwanza.