Je, kinyesi cha mtu mwembamba kinaweza kutibu unene na kisukari?

Huenda umesikia kwamba ng'ambo madaktari huchukua kinyesi cha mtu mwembamba, wakakiweka tumboni mwa mtu mnene, naye akapungua na kupona kisukari. Je, ni kweli? Kuna ukweli ndani yake, lakini habari imekuzwa. Tuichambue.

Katika utumbo wa kila mmoja wetu wanaishi bakteria wengi mno. Wengi hawatudhuru. Hutusaidia kusaga vyakula vyenye nyuzinyuzi, kama maharage na mboga. Mwaka 2013, watafiti wa Marekani walichukua bakteria wa mapacha, mmoja mnene na mwingine mwembamba, wakawapandikizia panya. Panya waliopata bakteria wa pacha mnene waliongezeka mafuta kuliko wenzao.

Lakini binadamu si panya. Mwaka 2012, madaktari wa Amsterdam, Uholanzi, walitoa matokeo ya jaribio la wanaume 18 wanene wenye usugu wa insulini. Insulini ni homoni inayoifungulia sukari mlango iingie kwenye seli za mwili. Usugu ni pale mlango huo unapokuwa mgumu kufunguka, na ndiyo njia ya kuelekea kisukari. Nusu ya wanaume hao waliwekewa kinyesi cha watu wembamba, kwa mrija uliopitishwa puani hadi kwenye utumbo. Wengine walirudishiwa cha kwao wenyewe.

Baada ya wiki 6, insulini ilifanya kazi vizuri zaidi kwa waliopata cha watu wembamba. Uzito, hata hivyo, haukupungua. Jaribio jingine la huko huko, la wanaume 38, lilitolewa mwaka 2017: kufikia wiki ya 18 faida ile ilikuwa imetoweka.

Tiba hii imethibitika kwa ugonjwa mwingine: kuhara kunakorudi mara kwa mara kutokana na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye mara nyingi hushambulia baada ya mtu kutumia antibiotiki.

Tena ina hatari. Mwaka 2019, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyewekewa kinyesi chenye bakteria sugu kwa dawa. Ndiyo maana mtoaji hupimwa kwanza damu na kinyesi. Mtu anaweza kuonekana mzima kabisa, kumbe amebeba maradhi. Kwa hiyo tunasisitiza: usijaribu jambo hili nyumbani, wala usimlipe mtu anayekuahidi.

Kama unatumia dawa za kisukari, usiziache kwa sababu ya habari hizi. Bakteria wako unaweza kuwalisha vizuri leo hii kwa ugali wa dona, ulezi, kunde na mboga za majani. Punguza soda na sukari, na utembee kila siku. Ukiona kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara au uchovu usioelezeka, nenda kituo cha afya ukapime sukari.