Wananyonga Baiskeli Ili Jirani Apate Paa

HEBU fikiria, msomaji, unaondoka nyumbani kwa baiskeli ukijua kwamba mwisho wa safari uko majuma kadhaa mbele, na kwamba usiku utalala sakafuni katika ukumbi wa kanisa la watu usiowajua. Wengi wetu tungeuliza tumekosa nini hata tuadhibiwe hivyo.

Hata hivyo, wapo wanaoiomba adhabu hiyo wenyewe. Tangu 2008, shirika la Kikristo la Fuller Center for Housing, lenye makao yake mjini Americus, jimbo la Georgia nchini Marekani, limekuwa likiandaa safari za aina hii. Baadhi yake zimevuka nchi hiyo kutoka bahari moja hadi nyingine. Ili upate picha, barabara ya kutoka San Diego kwenye Pasifiki hadi Savannah kwenye Atlantiki ni karibu kilomita 4,000. Huko ni kutoka Mombasa hadi Nairobi mara nane!

Wanafunzi wa vyuo hunyonga bega kwa bega na wastaafu wenye mvi. Asiyeweza safari nzima hujiunga kwa kipande tu. Gari hubeba mizigo, lakini halimbebi mtu jua wala upepo. Na upepo wa mbele, kama ajuavyo kila mwendesha baiskeli, ni mbaya kuliko mlima, maana mlima una kilele. Jioni waumini wa mahali walipofikia huwaletea chakula, nao hula kama watu waliotoka kulima.

Sasa utauliza, tena kwa haki: baiskeli na nyumba vina uhusiano gani? Si wangetoa nauli hiyo sadaka wakabaki kwao?

Mpango wenyewe si mgeni kwa mwanafunzi yeyote wa Kenya aliyewahi kuzungusha kadi ya wafadhili kabla ya matembezi ya hisani. Kila mwendeshaji huwaomba jamaa, majirani na waumini wenzake wamchangie, na kuna kiwango anachotakiwa kufikisha. Pesa hizo hujenga na kukarabati nyumba za wasiojiweza. Isitoshe, siku nyingine njiani baiskeli huegemezwa ukutani, wasafiri wakashika nyundo na brashi za rangi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo safari hii inapozipita nyingine nyingi za hisani. Aliyechangisha humwona kwa macho mwenye nyumba, wakashika ubao mmoja.

Mwanzilishi wa shirika hili ni marehemu Millard Fuller, wakili wa Alabama aliyekuwa milionea kabla hajatimiza miaka 30. Mnamo 1965 ndoa yake ilikuwa karibu kuvunjika kwa sababu ya kuhangaikia mali. Yeye na mkewe Linda walipatana, wakauza walichokuwa nacho na kugawa pesa. Kati ya 1973 na 1976 waliishi Mbandaka, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wakijenga nyumba za watu wa kipato cha chini. Waliporudi walianzisha Habitat for Humanity, shirika lililofika hapa Kenya mwaka 1982. Bodi ya shirika hilo ilimwachisha kazi mwaka 2005, naye, badala ya kukaa kununa, akaanzisha Fuller Center mwaka huo huo. Alifariki Februari 2009.

Jasho la barabarani halikuwa geni kwake. Mwaka 1983 yeye na Linda walitembea kwa miguu kutoka Americus hadi Indianapolis, zaidi ya kilomita 1,100, wakichangisha pesa za ujenzi.

Usidhani, lakini, kwamba nyumba hugawiwa bure. Familia hushiriki katika ujenzi, kisha hulipa gharama kidogo kidogo bila riba wala faida. Kwa ukarabati mdogo hakuna hata mkataba wa kisheria. Mwenye nyumba hurudisha kadiri awezavyo, kwa uaminifu wake. Kila kinacholipwa huingia katika nyumba ya jirani mwingine, na malipo hayo huendelea kwa miaka mingi baada ya waendeshaji kurudi makwao na baiskeli zao kuwekwa stoo.