Senene Hawaulizi Division

Hii ni ya madogo wa form four wa Kaagya, Katoma, Kemondo, mpaka kule Kamachumu na Nshamba, sehemu ambazo mzee akisikia neno "division" anaacha kutafuna kahawa yake ya akamwani ili asikilize vizuri.

Bongo tuna mambo yetu. Mahafali tunapiga kabla ya pepa. Septemba, Oktoba unavishwa maua ya kung'aa mpaka shingo haionekani, keki inakatwa, mgeni rasmi anaahidi mifuko ya saruji, unapiga picha na maza, halafu Novemba ndo unaingia chumba cha mtihani. Kwa hiyo hotuba za pongezi mlishazila kitambo. Mimi naongea na wewe uliyemaliza pepa la mwisho, umerudi home na tranka na godoro, na sasa hakuna kengele wala ticha wa zamu.

Kuanzia hapo mpaka Januari, NECTA wakimwaga matokeo, ndo kipindi kinachowamaliza wana. Na huku kwetu Kagera presha yake sio ya kitoto. Nchi nzima inatuita Nshomile, yaani "nimesoma", na sisi tunajifanya hatupendi, kumbe tunapenda kinoma. Ardhi hii imemtoa Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuvaa ukardinali, mwaka 1960. Muleba imemtoa Profesa Anna Tibaijuka, aliyeenda kuongoza UN-Habitat. Matokeo ya form four ya 2021, shule ya Kemebos ya hapa Kagera iliongoza nchi. Unyama huo wote unakaa sebuleni kwenu, kwenye picha za ukutani za baba wadogo na mashangazi wenye majoho. Sasa dogo aliyevuta four anapitaje hapo sebuleni? Anapita dirishani.

Hapo ndo mnaponizinguaga. Wapo wana wanaokimbilia visiwani, Goziba au Bumbire, wanaaga kwamba wanaenda kusaka hela ya samaki. Kuvua ni kazi ya heshima, sina noma nayo. Ila anayeenda kule kwa sababu hataki kuonana na mjomba, huyo hajaenda kuvua. Kajificha. Na mtu aliyejificha hata mchongo ukipita mlangoni haumkuti.

Ebu tuweke hesabu mezani. Division one inaishia pointi 17, two 21, three 25, four 33, na ziro ni 34 na 35. Basi. Zile ni pointi za masomo yako saba bora, hakuna hata moja inayopima akili ya kubaki umesimama. Ukifeli hesabu na fizikia, unarisiti kama mtahiniwa binafsi, tena unapiga yale masomo yaliyokuangusha tu. Ukitaka ufundi, pale Burugo kuna chuo cha VETA cha mkoa kilichojengwa kwa msaada wa China, kikafunguliwa Oktoba 2022. Kuna mafundi umeme wanatengeneza mkwanja kuliko wenye digrii wanaosubiri ajira, na wewe unawajua kwa majina.

Halafu angalia kalenda ya Mungu ilivyo na mzuka: unamaliza pepa Novemba, na Novemba ndo senene wanaanguka. Senene hawaulizi division. Mvua ikikaa sawa, usiku Bukoba nzima inawaka taa kali. Wana wanasimamisha mabati mapya yanayong'aa, chini wanapanga mapipa, taa inamulika bati, senene anafuata mwanga, anajigonga, anateleza, anatumbukia. Kazi inaonekana mdebwedo mpaka saa nane usiku, baridi la ziwani linapokung'ata na macho yanauma kwa ule mwanga (vaa miwani, usijifanye mwamba). Asubuhi hamlali. Mnanyonyoa mabawa na miguu mmoja mmoja, mnaosha, mnakaanga na chumvi taratibu mpaka wakauke, mnafunga. Ukiwauza wabichi kwa kopo unapata hela ya vocha. Ukiwakaanga vizuri ukawapeleka stendi kwa abiria wa mabasi ya Dar, au bandarini jioni kabla MV Victoria haijang'oa nanga kwenda Mwanza, unaanza kuongea lugha nyingine na bi mkubwa. Zamani mabibi zetu waliwaokota senene ila hawakuruhusiwa kuwala, eti wanaume tu. Madada wa siku hizi wameshafuta huo upuuzi, na kwenye biashara wanawazidi wana kwa mbali.

Pipa, bati, taa na umeme vinakula hela, kwa hiyo changeni wana watano wenye akili moja. Mkishafika miaka 18 hicho hicho kikundi kiende halmashauri, maana asilimia 4 ya mapato yao ya ndani ni ya mikopo ya vijana, haina riba. Msiende na maneno matupu. Nendeni na daftari la mauzo ya msimu.

Kitu kingine, mshua. Akianza kunong'ona kwamba atauza kahawa butura ili upate ada, kaa naye chini kwa heshima, "Tata, waitu, tuvumilie mpaka ivunwe." Kahawa ikiuzwa ingali ua mtini, anayetajirika ni mlanguzi. Nguvu za kuvuna unazo wewe uliyeko likizo. Mikeka ya kubeti iacheni, sitaongeza neno. Na wewe dada'angu, yule anayekuahidi kazi Dar ila hataji bosi ni nani wala mtaa gani, mkaushie.

 

Kuna jina mtaani kwetu halifi, Majaliwa Jackson. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliingia ziwani hapa Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 walifariki. Yeye, mvuvi kijana, alifika na kasia lake akapambana kuwasaidia watu watoke, akaishia kupoteza fahamu. Baadaye Rais akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wengi wanasimulia kama zali la mentali. Mimi naona asubuhi ile alikuwa ziwani kwenye mishe zake, mikono ikiwa imezoea kasia. Angekuwa ndani kajifunika blanketi, asingekuwepo.

Sasa nawaomba kitu kimoja. Januari matokeo yakitoka, kama kuna mwana wa darasa lenu simu yake haipatikani na kijiweni hajatokea, msimwache. Nendeni kwao, msalimieni mzee vizuri, mtoeni ndani huyo dogo, na mumkumbushe kwamba usajili wa kurisiti hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka.