Mamlaka na Imani Mahali pa Kazi

Mwezi wa Februari 1971, majuma machache baada ya Idi Amin kutwaa serikali ya Uganda kwa nguvu ya jeshi, Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara, ilitoa tamko lililoitwa Mwongozo, ambalo, ijapokuwa sehemu yake kubwa ilinena juu ya ulinzi wa taifa na ukombozi wa Afrika, kifungu chake cha 15 ndicho kilichopenya hadi viwandani. Kifungu hicho kilimkataza kiongozi kutakabari, kuishi kwa anasa, na kuwadharau na kuwaonea walio chini yake. Nao wafanyakazi, hasa wa Dar es Salaam, wakakishika kama wana wa chuoni washikavyo sura fupi, wakakisoma mbele ya wakubwa wao.

Migomo iliyofuata hadi 1973 yastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa mingi miongoni mwayo haikuwa ya kudai ujira. Watu waliweka zana chini kwa sababu ya meneja mwenye matusi, au aliyemfukuza mtu bila kumsikiliza, au kwa dhana kwamba mali ya kampuni inaliwa na wakubwa. Na kuna mahali walipomfungia meneja nje ya lango. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, mwaka 1973, walikishika kiwanda chenyewe wakakiendesha, jambo ambalo serikali haikuridhia lienee kwingine.

Wapo wasemao hata leo kwamba Mwongozo uliharibu nidhamu ya kazi. Mimi siafikiani nao kabisa. Imani ilikuwa imekwisha kutoweka zamani, nayo haikuondoshwa na karatasi, bali na mazoea ya kuamrisha pasipo kutoa hesabu. Kwani hata mabaraza ya wafanyakazi, yaliyoanzishwa kwa waraka wa Rais wa mwaka 1970, yalipewa kazi ya kushauri tu, na mtu anayeombwa rai juu ya jambo lililokwisha kukatwa huona kwamba hakuheshimiwa, hata angaliketishwa kwenye kiti kizuri namna gani. Mwongozo uliwapa ulimi watu waliokuwa wakinung'unika faraghani, na walipoutumia, wengi wa waliowatawala walisikia utovu wa adabu mahali ambapo palikuwa na shitaka la haki.

Enyi mameneja na wakuu wa idara wa zama hizi, nawasihi mkitafute kifungu hicho, mkisome pamoja na mnaowaongoza, kisha muwaache wao waanze kusema.