Kanisa ndani ya kisanduku

Juma lililopita nilikuwa Chonyonyo, wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Mpiga gitaa mmoja wa kwaya, mtu mzima, alinijia na kisanduku cha mwangwi. "Mwandishi," akasema, "nimekinunua kwa fedha za kahawa, lakini gitaa linalia kama limetumbukia kisimani. Mimi nataka lilie kama katika kanisa letu la zamani." Kanisa lile lilikwisha bomolewa. Akaniuliza kama kanda niliyoinasa humo ninayo bado.

Ndugu msomaji, kanda ninayo, ila kanisa halimo. Siku ile, kwa kuogopa kelele, nilitundika mablanketi ukuta mzima, nikajiona fundi. Blanketi hunyonya sauti. Profesa Wallace Sabine wa Harvard, Marekani, alilithibitisha jambo hilo kuanzia mwaka 1895, akihamisha matakia ya viti usiku kucha na kupima mwangwi unavyofupika. Watu nao hunyonya. Ndiyo maana kanisa tupu huvuma kuliko la Jumapili.

Basi nikamwomba mzee apime kwa miguu, pale uwanjani, kutoka alipokuwa akikaa hadi ulipokuwa ukuta. Ikawa kama mita 7. Kwenda na kurudi ni mita 14, na sauti hewani husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo ukuta ulimjibu baada ya milisekunde 40 hivi. Sikio haliwezi kuutenga muda mfupi namna hiyo. Huunganisha sauti mbili kuwa moja, mtu akahisi tu kwamba yumo katika nyumba kubwa. Nyuma yake huja marudio mengine maelfu, ya sakafu, ya kuta, ya paa, mpaka yafifie.

Zamani mafundi walitumia vyumba vya kweli. Bill Putnam wa Chicago, mwaka 1947, aligeuza bafu kuwa chumba cha mwangwi: spika humo, na mikrofoni humo humo. Zikafuata springi ndani ya amplifaya. Siku hizi kisanduku hupiga hesabu tu, kama kompyuta.

Cha mzee kilikuwa kimezungushwa vyote hadi mwisho. Tukaweka ukawiaji milisekunde 40. Mkia wa mwangwi tukaupunguza ukawa sekunde moja na nusu, maana kanisa lake lilikuwa likijaa watu. Sauti nyembamba tukazikata, kwa kuwa nguo za waumini huzila kwanza. Mwangwi wenyewe tukauacha robo tu, gitaa lenyewe lisikike.

Akapiga, macho kayafumba. Akapiga tena.

"Kuta nazisikia," akasema. "Bati bado."

Tukarudisha sauti nyembamba kidogo, akaanza upya.