Fahamu: Stashahada ya Usanifu wa Michoro au ya Midia ya Dijitali?

Kijana wa Tanzania aliyehitimu kidato cha nne, na ambaye azma yake ni kupata riziki kwa kazi ya mkono na jicho, aghalabu hukuta mbele yake stashahada mbili zinazokaribiana kwa majina na kuachana kwa maudhui: ya usanifu wa michoro na ya midia ya dijitali.

Ya kwanza humfunza umbo la herufi, mpangilio wa kurasa na tabia ya wino. Humo ndimo anamofahamu kwa nini buluu inayong'aa kwenye kioo cha kompyuta hufifia ikishapigwa chapa, kwani kioo huchanganya nuru nyekundu, kijani na buluu, ilhali mtambo wa chapa hutandaza wino wa rangi nne juu ya karatasi, nao wino hauwezi kuifikia nuru. Ya pili huelekea kwenye picha jongefu, sauti na uhariri wa video.

Iwe ipi atakayochagua, kabla ya kulipa ada ni shuruti kijana huyo ayakinishe kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, na kozi yenyewe inatambuliwa. Katika mpangilio wa tuzo wa baraza hilo, stashahada ni ngazi ya 6, juu ya astashahada za ngazi ya 4 na ya 5. Kisha, nasihi yangu, aende mwenyewe akaulize kompyuta moja hutumiwa na wanafunzi wangapi, na aombe kuziona kazi za waliohitimu, maana waajiri wa fani hizi hutaka kuona kazi kabla ya cheti. Chuo kinachosita kuzionesha, mimi nisingempeleka mwanangu huko.